Alama 8 za nafuu: mgonjwa wa mguu anasemaje?

Baada ya upasuaji wa kifundo cha mguu, eksirei inaweza kuonyesha mfupa umeunga vizuri huku mwenyewe bado anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Ndiyo maana mgonjwa hujaza dodoso kabla na baada ya upasuaji, kisha hutazamwa kama alama zimefikia kiwango cha chini cha nafuu yenye maana kwake. Wazo hilo lilitolewa na watafiti Jaeschke, Singer na Guyatt mwaka 1989, nami naliunga mkono: utafiti wenye watu wengi huweza kugundua tofauti ndogo mno isiyomsaidia mtu yeyote, na kiwango hiki huzuia isitangazwe kuwa mafanikio.

Ugumu uko kwenye matumizi. Dodoso la FAAM, linalopima uwezo wa mguu na kifundo, la mwaka 2005, lina maswali 21 ya shughuli za kila siku, kila moja likiwa na alama 0 hadi 4, na jumla hugeuzwa kuwa asilimia. Kiwango chake ni alama 8 kati ya 100, yaani kupanda hatua 7 hivi katika maswali yote, kila hatua ikiwa alama moja ya swali. Mmoja atazipata kwenye kupanda ngazi, kuchuchumaa na kutembea kwenye ardhi yenye mabonde. Mwingine ataokota mojamoja katika mambo ambayo hayakumsumbua sana. Kwenye karatasi wote wamefaulu. Na aliyeanza na alama 94 hawezi kuongeza 8 hata akipona kabisa.

Wapo wanaokokotoa kiwango kwa nusu ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za kundi zinavyotofautiana na wastani wake. Ni njia rahisi, lakini inapima mtawanyiko wa namba tu, na sioni kwa nini iitwe nafuu ya mgonjwa wakati yeye hakuulizwa. Njia nyingine humuuliza waziwazi kama amepata nafuu. Wanaoipinga wanasema watu husahau maumivu ya zamani na kujibu kwa hali ya leo. Ni kweli, hutokea. Hata hivyo jibu lenye dosari la mwenye mguu nalithamini kuliko hesabu safi isiyomgusa.

Swali moja zaidi lingefaa kuandikwa katika kila ripoti: ukibaki na hali uliyonayo sasa, utaridhika? Aliyeanzia chini sana anaweza kupanda alama 20 na bado akajibu hapana, na jibu lake liingie kwenye matokeo pamoja na zile alama.