Koti Jeusi Bila Mamlaka

Mkahawa wa kifahari Nairobi, uwe Westlands au Karen, hauoni haya kutumia mamilioni kwa taa na viti. Kisha samaki analetwa amepoa, unamwita yule bwana wa koti jeusi, naye anakujibu kwa upole: "Samahani, wacha niulize meneja."

Hapo huwa naishiwa na subira. Huyo ni mkuu wa wahudumu. Kama hawezi kuamua juu ya samaki mmoja, amewekwa pale kwa kazi gani?

Kazi yake halisi wageni hawaioni. Kabla ya mlango kufunguliwa jioni, huwakusanya maweita, akawagawia meza, akawaambia kilichoisha jikoni na mgeni gani hali karanga. Baada ya hapo ni kuchunga mwendo. Meza sita zikiagiza kwa mpigo, jikoni hulemewa. Mkuu hodari huichelewesha meza moja kwa makusudi: atapeleka mkate, ataeleza divai, ataulizia safari. Wageni watadhani wamependwa, kumbe wamepangwa foleni! Ufundi huo siudharau hata kidogo.

Huko Ufaransa, cheo hiki kilikuwa na uzito ulioonekana kwa macho, kwa kuwa mkuu ndiye aliyekata nyama mbele ya wageni. Tangu miaka ya 1970, wapishi walipozoea kupakua kila sahani jikoni, kisu kilimtoka mkononi.

Hapa kwetu mara nyingi amebakiziwa mlango tu, na wako wanaoutumia vibaya: Mzungu wa kaptula anapelekwa dirishani, sisi wenye suti tunasukumwa karibu na choo.

Wajuzi si haba. Chuo cha Utalii, kwenye barabara ya Thika, kimefundisha ukarimu tangu 1975. Kinachokosekana ni imani ya mwenye mkahawa, anayehofu kwamba ukimpa mtu ruhusa ya kufuta sahani kwenye bili, rafiki zake watakula bure kila Ijumaa.

Hofu hiyo naielewa, biashara ni pesa. Lakini mgeni aliyengojeshwa meneja robo saa harudi. Mwekeeni mkuu huyo kiwango, tuseme shilingi elfu tano kwa usiku, na kila anachofuta akiandike daftarini pamoja na sababu. Jumatatu mlisome pamoja. Jina la binamu yake likijirudia, hapo mtaongea.