Tuliomba Kivuli, Tukapewa Tofali

Juzi nilipeleka kiatu kwa fundi wangu kwenye mojawapo ya zile barabara za namba pale Dodoma mjini, nikampita. Miaka sita nampelekea viatu na nikampita kama simjui, maana kumbe siku zote nilikuwa natafuta mwarobaini, sio mtu. Mwarobaini haupo. Kipo kisiki, bado kinatoa majimaji, na hatua chache kutoka pale vijana watatu wamejibanza kwenye ubavu wa lori lao wakinywa maji. Wamemaliza kukata mti, sasa wanatafuta kivuli. Nilicheka peke yangu, halafu hasira zikanipanda.

"Mbukwa, mama!" Fundi huyo, upande wa pili, kabana mgongo kwenye ukuta wa duka la vifaa vya umeme. Kopo la gundi kalifunika kwa kitambaa kilicholowa. Akanionyesha kwanini: gundi inakauka kabla hajaipaka yote, soli inashika kisiginoni, mbele inabaki mdomo wazi. "Hiki kiatu kinataka kivuli kuliko hata mimi," akasema, akaendelea kugonga.

Mti umekosa nini? Nikaambiwa barabara inapendezeshwa. Njia pana ya waenda kwa miguu, mabenchi, taa, sehemu ya matamasha, tofali za pevingi nyekundu kuanzia kona hadi kona. Mchoro wenyewe unazunguka WhatsApp na ni mzuri kwelikweli. Watu wa kwenye mchoro wanatembea wakitabasamu, hakuna aliyekunja uso, hakuna aliyejitupia khanga kichwani. Hao hawajawahi kufika Dodoma mwezi wa kumi.

Na mimi siipingi barabara ya waenda kwa miguu. Nimeitamani tangu nikimbeba mwanangu mgongoni, nakwepa bodaboda huku, bajaji kule, nashuka barabarani kwa sababu mtu kaegesha gari juu ya njia yetu. Ninachogombea ni mpangilio. Hapa kwetu kivuli ndiyo barabara yenyewe, tofali ni pambo tu.

Dodoma ipo nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linasimama utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, kisha tena ndani ya wiki ya pili ya Oktoba. Machi walau kuna wingu. Oktoba nyasi zimeshageuka vumbi, mvua bado ahadi, na ikifika saa sita na nusu mchana jengo la ghorofa nne linakupa kivuli cha kutosha paka mmoja, tena akikaa vizuri. Ukuta hausaidii hapo. Anayesaidia ni mti wenye mwavuli: mwarobaini, mkungu, mkwaju kwa wenye subira, mkungugu wetu ambao haujawahi kumsumbua mtu kwa kudai maji. Sasa kwenye mchoro wamepanga nini? Ashoki. Safu mbili za miti ya ashoki, zimenyooka kama askari wa gwaride, kila mmoja na kivuli cha nguzo ya umeme. Bora nguzo, ina umeme.

Haya, nitakubali moja kabla hamjaanza kuniandikia. Mwarobaini ukipandwa ubavuni mwa mtaro utaupasua mtaro. Wa kwetu nyumbani ulinyanyua kibaraza mpaka mlango ukagoma kufunguka. Lakini tulikata mzizi, tukasakafia upya, na mti upo, marehemu bibi alipumzikia chini yake mpaka mwisho wake. Hakuna aliyesema tuung'oe ili kibaraza kipendeze.

Halafu hata hivyo vinavyopandwa vinauawa kwa utaratibu. Wanashindilia kifusi, wanalaza pevingi, kisha wanaacha tundu la ukubwa wa sinia na kuchomeka mche humo. Mzizi utaenda wapi, kwenye kokoto? Siku ya kitaifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa ndugu zetu wa Kagera sawa, lakini sisi mvua yetu inaanza Desemba na Aprili ndiyo inaaga. Mche wa Aprili unapigwa picha na viongozi, unapata ndoo moja ya maji, halafu unaachiwa miezi saba ya upepo na mbuzi. Pandeni Desemba. Chimbeni shimo la maana, acheni udongo wazi kulizunguka, na mkate ukingo wa barabara sehemu sehemu ili maji ya mvua yaingie shinani. Mvua zetu mnazijua: saa moja ya fujo, barabara inakuwa mto, mtaro unafurika, kesho yake vumbi. Maji yale yale tunayoyakimbia tukiinua viatu mkononi ndiyo ambayo mche utayalilia Agosti.

Hakuna jipya ninalosema. Mpango mkuu wa kwanza wa mji huu, ule wa 1976 uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto miaka mitatu baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa, ulimweka mwenda kwa miguu na basi mbele ya gari binafsi. Mkanada anayetoka kwenye theluji alilielewa hilo. Sisi tuliozaliwa hapa tunabishania maegesho.

Wenye maduka wanaogopa wateja hawatakuja bila gari. Wateja wengi wa barabara ile wanashuka kwenye daladala, wahesabuni siku moja.

Machinga na mamalishe wakifukuzwa kupisha mabenchi, mtabaki na mabenchi.

Kuhusu matamasha, hapo nimefurahi, lakini mbona tunasubiri zege? Ikipita misafara ya wakubwa barabara zinafungwa dakika tano na mji unaendelea kupumua. Basi fungeni hiyo moja kwa kamba Jumamosi jioni, kuanzia saa kumi na moja. Waacheni akina mama wa Kigogo waweke ngoma za muheme kati ya mapaja wapige mpaka vumbi liinuke, mtu alete zeze, wauza zabibu wapange beseni zao, watoto waendeshe baiskeli bila mama kupiga kelele. Jioni yetu hailingani na jioni ya Dar; jua likishuka tu hewa inakuwa laini, na Juni utatafuta sweta. Mwezi mmoja wa kamba utawafundisha watu wanasimama wapi na wanakaa wapi kuliko michoro kumi. Na gharama ni kamba.

Ila jioni ina watu wake. Mwanamke anayetoka kliniki, mwanafunzi aliyeachiwa saa nane, mzee anayefuata mambo ya pensheni, hao mji wanautumia mchana, na mchana wao hauna taa za mapambo. Nendeni Nyerere Square saa saba mtazame watu wamekaa wapi. Mimi sijawahi kuona mtu kachagua benchi la juani wakati kuna kipande cha mti.

Ijumaa nilirudi kuchukua kiatu. Fundi hayupo. Kijana wa dukani akaniambia mzee siku hizi anafungua saa mbili asubuhi, saa tano anakunja, anarudi saa kumi ukuta ukianza kutoa kivuli. Kisiki nacho wameshakichimbua. Mahali pake kuna tundu la ukubwa wa sinia, na ashoki ya futi mbili imefungwa kwenye mti mkavu kwa kipande cha chandarua. Nilikuwa na maji nusu chupa. Nikaimwagia yote, kwani kosa sio lake.