Rejesta iliyochapwa au kaunta buku ya kupigwa mistari: tunachagua kwa kigezo gani?

Katika shule na ofisi nyingi za Nyanda za Juu Kusini, ubishi wa vitabu vya kumbukumbu huanza Desemba, pale orodha ya mahitaji ya mwaka mpya inapoandaliwa, na pande zake mbili anazifahamu kila aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Upande mmoja unataka vinunuliwe vitabu vilivyochapwa tayari: rejesta ya mahudhurio, leja ya stoo, kitabu cha wageni, kila kimoja na safu zake. Upande wa pili unasema fedha ni kidogo, zichukuliwe kaunta buku za kutosha, rula zipo, kila mmoja apige mistari yake. Nimekaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti, kwanza nikiwa mtunza stoo na baadaye nikiwa miongoni mwa wanaoidhinisha manunuzi, na ninaona kwamba tunabishania jambo la pili kabla ya la kwanza. Kabla ya kuuliza kama mistari ichapwe au ipigwe kwa mkono, yafaa kuuliza kitabu hicho kinatakiwa kuishi miaka mingapi, na ni nani anayeweza siku moja kutamani ukurasa wake mmoja usiwepo.

Tuitazame kwanza bidhaa yenyewe. Kaunta buku huuzwa kwa kwaya, neno lisilohusiana hata kidogo na waimbaji wa kanisani: ni kipimo cha zamani cha karatasi 24, ambazo zikikunjwa katikati hutoa karatasi 48 za kitabu, yaani kurasa 96. Kwa hiyo kitabu cha kwaya 2 kina kurasa 192, cha kwaya 3 kina kurasa 288, na cha kwaya 4 kina kurasa 384. Mnunuzi wa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, anayetaka kuonekana mtu wa kuona mbali huondoka na cha kwaya 4, akiamini amemaliza shida ya miaka mingi. Mara nyingi amejitwisha mzigo, kwa sababu kitabu kinene hakilali wazi mezani, mgongo wake huachia mapema kwenye kurasa za mwanzo na za mwisho, na siku kikilowa au kikipotea, kumbukumbu zote zinaondoka pamoja. Kwa matumizi mengi ya shule, kwaya 2 zinatosha.

Wanaotaka vitabu vilivyochapwa wana hoja nzito zaidi kwenye rejesta ya mahudhurio, na ni haki kuwapigia hesabu. Chukua darasa la wanafunzi 80. Ukurasa wa A4 una urefu wa milimita 297. Mistari ikiachana kwa milimita 8, ukiondoa nafasi ya juu na ya chini, unabaki na mistari kama 33, hivyo majina 80 yanakula kurasa 3. Upana ni milimita 210. Ukitenga 60 kwa jina, 150 zilizobaki zinatoa visanduku 25 vya milimita 6, na siku za shule za mwezi mmoja zinaenea. Mwaka wa masomo wa siku 194 ukitawanywa katika miezi kama 10, unahitaji kurasa 30 hivi, na kaunta buku ya kwaya 1 inatosha na kubaki. Kwa gharama ya karatasi, basi, kaunta buku imeshinda. Lakini mwalimu huyo atapiga mistari ya wima isiyopungua 75 kila mwezi, na ataandika majina 80 upya mara 10, majina 800 kwa mwaka, jioni, baada ya kusahihisha madaftari. Na jina linaloandikwa mara 10 hukosewa: Atupele wa Januari anageuka Atupakisye ifikapo Mei, na mthibiti ubora wa shule asiyemjua mtoto atahesabu watoto wawili.

Baadhi ya rejesta zilizochapwa hukwepa tatizo hilo kwa kukata karatasi za katikati ziwe fupi, ili orodha iliyoandikwa mara moja ionekane pembeni muhula mzima. Nimewahi kumwona mwalimu akifanya vivyo hivyo kwenye kaunta buku, kwa wembe na rula ya chuma, akiondoa ukanda wa sentimita 6 kwenye ukingo wa nje wa kila karatasi inayofuata ukurasa wa majina. Kazi ilimchukua kama nusu saa na matokeo yalikuwa safi, ingawa sidhani kama ni haki kuwadai walimu wote ufundi wa seremala. Kasoro ya vitabu vilivyochapwa iko kwingine: nyingi kati ya rejesta nilizoshika zina mistari ya darasa dogo, kana kwamba mchapaji aliuamini uwiano rasmi wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na mwalimu wa darasa la 80 hulazimika kutumia rejesta mbili au kubana majina mawili kwenye mstari mmoja. Pamoja na hayo, kwa mahudhurio ninaunga mkono iliyochapwa, kwa sharti kwamba mnunuzi ahesabu mistari ya ukurasa mmoja akiwa bado dukani.

Kwenye leja ya stoo mizani inainama upande mwingine. Safu zinazohitajika ni sita tu, yaani tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, salio na sahihi, na kuzipiga kwenye kurasa mbili zinazotazamana ni kazi ya dakika mbili. Leja iliyochapwa huja na safu za bei, namba ya hati na mengine ambayo mtunza stoo wa shule hayajazi, na safu tupu haikai tupu muda mrefu. Mtu ataanza kuandika humo salio la pili, na baada ya mwezi hakuna anayejua lipi ni la kweli.

Hata hivyo, kinachonifanya nipende kaunta buku kwa kazi hii ni uzi wake kuliko mistari. Kaunta buku iliyoshonwa imeundwa kwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa zikaingizwa moja ndani ya nyingine, kisha sindano ikapita kwenye mkunjo. Kila karatasi ina pacha wake upande wa pili wa uzi. Mtu akinyofoa karatasi moja ili kuficha wizi wa gunia, pacha wake hulegea na baada ya muda hutoka, na kitabu kinakuwa kimejishitaki chenyewe. Kitabu kilichobandikwa kwa gundi hakina ushahidi huo, maana karatasi zake zimekatwa mojamoja na kushikwa kwa ukingo tu.

Jambo hili nililijua kwa gharama. Shule moja ya sekondari wilayani Rungwe, nikiwa mtunza stoo wake, ilinunua leja nzuri iliyochapwa, jalada gumu la bluu, yenye mgongo wa gundi. Rungwe ni wilaya ya mvua kuanzia Novemba mpaka Mei, na stoo yetu ilikuwa na ukuta uliokuwa ukitoa unyevu kama mtungi. Kufikia Machi gundi ilikuwa imelegea na kuachia, nasi tukawa tunapanga karatasi kama karata kila tunapofungua. Mkaguzi wa ndani alipokuja kuuliza maharage ya Februari, karatasi mbili hazikuwepo. Huenda zilidondoka, huenda zilitolewa. Kwa kuwa kurasa hazikuwa na namba na kitabu hakikuwa na uzi, sikuwa na njia ya kujitetea wala yeye hakuwa na njia ya kunitia hatiani, na barua niliyoandika kujieleza ilikuwa ndefu kuliko leja yenyewe. Tangu hapo, kitabu chochote cha mali au fedha hukiandika namba kwenye kila ukurasa kabla ya matumizi, na ndani ya jalada huandika jumla ya kurasa, mkuu wa shule akasaini na kugonga mhuri. Kitabu cha kurasa 192 hunichukua chini ya robo saa.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kitabu cha kupigwa mistari kwa mkono humtegemea mtu. Mtunza stoo mpya akija anageuza mpangilio wa safu, anayefuata anaongeza yake, na anayesoma kumbukumbu za miaka mitatu analazimika kujifunza lugha tatu. Kubandika mfano wa ukurasa ndani ya jalada husaidia, ila husaidia tu pale mtu anapofungua jalada akasoma. Kwa hiyo katika vituo ambavyo watumishi huhamahama, kama shule na zahanati za pembezoni mwa Makete au Chunya, ningekubali leja iliyochapwa mradi iwe imeshonwa. Stakabadhi hazina mjadala: lazima ziwe zimechapwa namba mfululizo na ziwe na nakala, na mahali ambapo malipo yamehamia kwenye mashine za POS na namba ya malipo, suala lenyewe limekwisha.

Karatasi nayo inastahili kupimwa kwa mizani. Kitabu cha A4 cha kwaya 3 kina karatasi 144. Zikiwa za gramu 60 kwa mita ya mraba zina uzito wa gramu 540 bila jalada, na zikiwa za gramu 80 zinafika 720. Tofauti ya gramu 180 mkono unaihisi, na mizani ya duka la jirani inaithibitisha. Karatasi nyepesi hupitisha wino upande wa pili, hasa kwa wanaopenda kalamu za jeli, ambazo nyingi huyeyuka kitabu kikipata maji, ilhali kalamu ya kawaida ya wino wa mafuta husomeka hata baada ya kuanikwa. Kwa Kyela na Tukuyu, kwenye mvua nyingi, ninaona hilo linatosha kuamua. Na hapa sijizuii kusema neno la pembeni: malori ya magogo ya misonobari ya Sao Hill hutupita Mafinga kila siku, kinu cha karatasi kipo Mgololo, Mufindi, lakini zao lake linalojulikana zaidi ni karatasi ya kahawia ya mifuko na vifungashio, nasi daftari la kuandikia tunaendelea kulisubiri lipande barabara kutoka Dar es Salaam.

Ununuzi wenyewe siku hizi kwa shule za serikali unapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma uliochukua nafasi ya ule wa TANePS mwaka 2023, na hapo ndipo uchaguzi mzuri hupotelea. Anayeandika "kaunta buku, 20" ataletewa yoyote iliyo rahisi. Anayeandika "A4, kwaya 2, iliyoshonwa kwa uzi, jalada gumu, gramu 70" ana msingi wa kukataa mzigo unapofika. Wapo pia wanaosema mjadala wote umepitwa na wakati kwa kuwa hesabu zimo kwenye mfumo wa fedha wa FFARS na wanafunzi wamo kwenye mfumo wa kumbukumbu zao wa PReM. Ni kweli kwa kiasi, ila gunia linatoka stoo saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya umeme na kabla ya mtandao, na kilichoandikwa saa hiyo ndicho kitakachoingizwa kwenye mfumo baadaye. Kwa ofisi binafsi na wafanyabiashara, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka zitunzwe angalau miaka 5, muda ambao pini za stepla huanza kutoa kutu.

Kitabu cha wageni hukipita haraka, kwa kuwa chochote kinafaa, isipokuwa kimoja kinachomwachia kila mgeni namba za simu za waliomtangulia. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, safu hiyo ni ya kufikiriwa upya.

Kinachobaki ni rejesta ya uandikishaji, kitabu ambacho wengi hukinunua kama vingine, ingawa umri wake ni mrefu kuliko wa baadhi ya majengo ya shule. Watu waliopoteza cheti cha darasa la saba hurudi kuitafuta rejesta hiyo wakiwa na wajukuu. Katika shule moja ya msingi wilayani Iringa nilimkuta mzee akihitaji uthibitisho kwamba aliandikishwa mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kwa wote kuanza kutekelezwa. Rejesta ya miaka ya 1990, iliyochapwa na kubanwa kwa pini, ilikuwa imegawanyika vipande vitatu vyenye madoa ya kutu. Ya 1978 ilikuwa kitabu cha kawaida cha mistari ya mlalo, safu zimepigwa kwa wino mwekundu, kona zimeliwa na mende, uzi umeshika. Mwalimu mkuu aliteremsha kidole polepole, akamwambia, "Mzee wangu, upo," kisha akaandika kwenye barua: ukurasa wa 61, mstari wa 9.