Kaye inalala kwa nani?

Mama yangu huuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kila Jumamosi jioni yeye na wenzake kumi na mmoja hutoa dola 5 kila mmoja, na hizo dola 60 humwendea aliyefikiwa na zamu. Ndiyo likirimba, mchango wa kupokezana. Haina ofisi wala muhuri. Ina kaye moja tu, daftari la michango, na kaye hiyo hailali kwa mtu yuleyule wiki mbili mfululizo. Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, akina mama hao waliruka Jumamosi mbili, kisha wakaendelea.

Mwanamke huyuhuyu, ukimtajia neno koperative, yaani ushirika, anakunja uso. Ninaelewa. Zamani aliweka akiba kwenye COOPEC moja ya mtaani, yaani ushirika wa akiba na mikopo, akafika asubuhi akakuta kufuli mlangoni. Alikuwa na kijitabu kilichojaa mihuri, na kwa sheria alikuwa mmoja wa wenye mali. Lakini kwa miaka sita hakuitwa mkutanoni hata siku moja. Alijihesabu mteja, na meneja naye akamhesabu hivyo hivyo, hadi siku ya hasara. Siku hiyo ndipo alipoambiwa kwamba "ninyi wanachama" inabidi mvumilie.

Sheria si mbaya. Tangu Kongo iingie OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, tunafuata sheria ya ushirika iliyopitishwa Lomé mwaka 2010: watu watano wanatosha kuanzisha ushirika mdogo, na kila mtu ana kura moja, awe na hisa moja au hamsini. COOPEC nazo zina sheria yao. Shida ni kwamba kura bila hesabu mkononi ni karatasi tu. Utapigaje kura juu ya fedha usiyojua imeingia kiasi gani?

Mimi siungi mkono wanaosema ushirika haufai kwetu, kwamba Mkongo hawezi kushirikiana na Mkongo. Waende Minova, kando ya Ziwa Kivu, wakaone kahawa. Mkulima wa ng'ambo hii ya ziwa, mwenye miche mia chache mlimani, alikuwa akimenya kahawa yake kwa mawe au kwa kimashine cha mkono, akaianika chini, halafu usiku akaipakia mtumbwini kuivusha Rwanda kwa magendo. Bei ilikuwa ya mnunuzi. Ziwa Kivu likichafuka, watu walizama pamoja na magunia, na wajane wa kahawa walikuwa wengi kwenye vijiji hivyo.

Ushirika wa wakulima wa kahawa kama SOPACDI wa huko Minova ulibadilisha mambo kwa kitu kinachoonekana kidogo: kituo cha kuoshea. Tunda jekundu likichumwa linapaswa kumenywa siku hiyohiyo, kisha lichachuke, lioshwe kwa maji mengi, likaukie juu ya meza. Familia moja haiwezi kujenga hayo. Familia mia kadhaa zinaweza, na kahawa iliyooshwa vizuri inauzwa moja kwa moja Ulaya na Marekani. Chini ya Fairtrade, mpango wa biashara ya haki, kuna nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila ratili, na matumizi yake huamuliwa na mkutano mkuu wa wanachama. Hapo ndipo ninapopapenda. Wakiamua darasa, ni darasa. Wakiamua barabara, ni barabara, na mama aliyeleta kapu dogo ana mkono sawa na mwenye shamba kubwa. (Mradi awe ameandikishwa kwa jina lake. Mara nyingi kahawa huchumwa na mke, jina kwenye orodha ni la mume, na hela inaishia njiani kati ya kituo na nyumbani.)

Upande wa pili ni Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mchimbaji wa mikono awe ndani ya ushirika uliokubaliwa na serikali. Nzuri kuisikia. Ila ushirika ukigeuka kibali cha kuingilia kazini, wenye pesa na wenye vyeo huanzisha wa kwao, na mchimbaji anakuwa mwanachama wa kukatwa pesa tu. Anashuka shimoni, anapanda na gunia, anapimiwa kobalti kwa mizani asiyoiamini, na rais wa ushirika hajawahi kushika sururu. Mimi huo siuiti ushirika, hata kama karatasi zake zote zina muhuri.

Umoja wa Mataifa ulifanya 2025 mwaka wa kimataifa wa ushirika, kama ulivyofanya 2012. Huku kwetu sikuona sherehe, na sidhani kuna aliyekuwa na nafasi ya kucheza ngoma.

Mwezi uliopita jamaa mmoja alinialika kwenye koperative mpya ya mpunga, uwanda wa Ruzizi. Kiingilio dola 20. Nilimwambia mama, naye hakuuliza mpunga wala faida. Aliuliza, "Kaye yao inalala kwa nani?" Nikampigia jamaa simu, nikaomba kuona kanuni na kaye ya michango. Akaniambia rais amesafiri navyo Kinshasa, nisubiri arudi. Bado ninasubiri, na dola zangu 20 ziko mfukoni.