Nani Hasa ni Mfanyakazi Leo?

Utafiti wa mitazamo ya jamii uliotolewa Uingereza mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 60 ya watu walijihesabu kuwa wa tabaka la wafanyakazi. Hata miongoni mwa mameneja na wataalamu, asilimia 47 walisema hivyo hivyo. Sidhani wanajidanganya. Wengi wamelelewa na wazazi waliovuja jasho, na malezi hayafutiki kwa kupandishwa cheo. Tatizo ni kwamba jina likimfaa kila mtu, halimtetei tena yule asiyeweza kuugua hata siku moja bila kukosa chakula.

Wanaotaka tabaka hili lihesabiwe kwa upana wana hoja nzito kutoka kwa Karl Marx. Yeye hakuuliza mtu analipwa kiasi gani, wala kama mikono yake ina sugu. Aliuliza nani anamiliki njia kuu za uzalishaji na nani hana cha kuuza ila nguvu zake. Kwa kipimo hicho muuguzi, mwalimu na mwandishi wa programu za kompyuta wote wamo, na kila kampuni inapopunguza watu tunaona kwamba shahada si kinga.

Max Weber, mwanasosiolojia wa Kijerumani, aliliona jambo ambalo kipimo hicho hulipita: sokoni hatuingii na mtaji sawa wa ujuzi. Mwenye ujuzi adimu akiachishwa kazi hupata mlango mwingine. Mfagiaji wa ofisi ile ile hana pa kubisha hodi. Naye meneja anaamriwa na waliomzidi huku akiwaamrisha walio chini yake. Kumweka kundi moja na anaowafukuza ni kuwataka hao wengine wanyamaze.

Mambo huwa magumu zaidi kwa madereva wanaopata abiria kupitia programu za simu. Dereva mara nyingi ana gari lake, kwa hiyo kwa macho ya haraka ni mmiliki. Kampuni husema amejiajiri, anawasha simu anapotaka na kuizima anapotaka. Hilo ni kweli, na wapo madereva wanaouthamini sana uhuru huo. Lakini Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua kesi ya Uber, moja ya kampuni hizo, ilitazama nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, na nini humpata dereva anayekataa safari mara kwa mara. Ikaamua kuwa madereva wale ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Miezi michache kabla, Novemba 2020, wapiga kura wa California walikuwa wamepitisha sheria inayowatambua madereva wa aina hiyo kuwa wamejiajiri. Kazi ni ile ile. Kwangu mimi mahakama ilishika penyewe: gari bila abiria halizalishi kitu, na njia ya kumfikia abiria iko mikononi mwa kampuni.

Ndiyo maana naona kipimo kinachofaa leo ni kuuliza nani anapanga bei ya kazi yako, na unaweza kuikataa kwa muda gani kabla hujaishiwa. Kipimo hiki kinamwacha nje meneja mwenye akiba, hata kama babake alikuwa mchimba madini. Kinawaingiza watu ambao vyama vingi vya wafanyakazi viliwasahau. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kuwa watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya walio kazini ulimwenguni, wako katika sekta isiyo rasmi. Wengi hawana mwajiri wa kumgomea. Anayewabana ni mkopeshaji, mwenye eneo au dalali.

Wapo wanaosema bila mwajiri hakuna mfanyakazi. Hivyo ndivyo maofisa wa kazi nchini India walivyomjibu Ela Bhatt alipotaka kusajili chama cha wanawake waliojiajiri, SEWA, huko Ahmedabad. Yeye akashikilia kuwa chama cha wafanyakazi kipo kwanza ili kuwaunganisha, si lazima kwa ajili ya kupambana na bosi. Kilisajiliwa mwaka 1972, na wanawake waliokuwa wakipangiwa bei mmoja mmoja wakapata pa kusemea pamoja.