Midomo Ile Ile Inayosema "Jikubali"

Msichana huanza kupewa taarifa za mwili wake kabla hajaziomba. Yule mbao. Huyu kibonge. Pua imelala, matiti yamekawia, makalio alisahauliwa siku ya mgao. Anayesema ni shangazi, ni mwenzake wa darasani, ni mwanamume anayepita njiani asiyemjua, na wote wanatania tu. Miaka inakwenda, anadunduliza fedha, anafanyiwa upasuaji wa urembo. Midomo ile ile inarudi na neno jipya: "Za kununua hizo. Kwani alishindwa nini kujikubali?"

Neno hilo nimeanza kulishuku. Kujikubali kwenyewe sina ugomvi nako. Ninachoshuku ni jinsi linavyotumika kama simango, tena na watu walewale waliomfundisha huyo mwanamke kwamba hakubaliki.

Wanaopinga upasuaji wa urembo wana hoja nzito, na nitazifikia. Ila hukumu yao huanzia pabaya: huanza kwa kumwona mwanamke kuwa mjinga au mwenye majivuno. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa urembo, ISAPS, kilikadiria kuwa mwaka 2023 huduma za urembo zilizofanywa na madaktari duniani zilikaribia milioni 35, na kati ya hizo upasuaji wenyewe ulikaribia milioni 16. Wengi mno kati ya waliohudumiwa ni wanawake. Jambo linalofanywa na umati wa namna hiyo halielezeki kwa kusema wamepungukiwa akili.

Tazama pia tunavyochagua wa kumwambia ajikubali. Upasuaji huu ulipata umbo lake la kisasa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Harold Gillies alipokuwa akiwatengenezea nyuso upya askari waliopigwa risasi na vigae vya mabomu, huko Sidcup nchini Uingereza. Nani angemwambia askari asiye na pua ajikubali? Aliyepoteza titi kwa saratani akijengewa jingine, tunampongeza. Anayepunguza matiti kwa sababu shingo na mgongo vinamuuma, tunamwelewa. Mtoto anayerudishwa masikio nyuma ili asichekwe shuleni, tunaona mzazi wake amejali. Halafu anakuja mama ambaye baada ya kuzaa mara tatu ngozi ya tumbo imemning'inia, naye anataka ikatwe. Hapo ndipo tunalikumbuka lile neno.

Atasema mtu: askari alijeruhiwa, huyu ni mzima. Kweli. Mwili mzima kuulaza nusu kaputi na kuukata si jambo dogo. Anaweza kutoka damu nyingi, kidonda kikaoza, damu ikaganda kwenye mishipa na kwenda mapafuni. Nikiulizwa na mdogo wangu, hayo ningeanza nayo.

Kuna takwimu moja ambayo sijaweza kuiacha. Inahusu kuongeza makalio kwa mafuta ya mtu mwenyewe: mafuta yanafyonzwa tumboni na kiunoni, kisha yanaingizwa kwenye makalio kwa mrija. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliowauliza madaktari wa upasuaji wa nchi mbalimbali, ukakadiria kwamba huenda anakufa mwanamke 1 katika kila 3,000. Kwa upasuaji ambao si wa lazima, hicho ni kiwango cha kutisha. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa urembo cha Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake waache kabisa kuufanya. Mitaani habari ilisomwa kwa njia moja: wamejiua kwa kutaka shepu.

Lakini chanzo cha vifo hivyo kilijulikana. Mrija ulikuwa unazama hadi ndani ya msuli, ambako kuna mishipa mikubwa ya damu. Mafuta yakiingia humo husafiri hadi kwenye moyo na mapafu, na mtu hufa pale pale mezani au baada ya saa chache. Madaktari wakaelekezwa wabaki juu ya msuli, chini ya ngozi tu. Utafiti wa baadaye, uliotoka mwaka 2020, ukakadiria kifo 1 katika takriban 15,000. Makadirio yote mawili yanategemea majibu ya madaktari wenyewe, kwa hiyo usiyabebe kama mizani ya dhahabu. Hata hivyo jiulize: katika miaka hiyo mitatu, wanawake walijifunza kujipenda mara tano zaidi? Tamaa ya mwanamke ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni mahali mkono wa daktari unapofikia. Huko Florida, Marekani, ilibidi mwaka 2022 ipigwe marufuku daktari mmoja kufanya zaidi ya upasuaji wa aina hiyo mara tatu kwa siku. Sheria kama hiyo haitungwi mahali ambapo hakuna anayezidisha. Tulikuwa tumekazana kumsema marehemu.

Vipandikizi vya matiti, yaani mifuko ya silikoni (ute wa kutengenezwa) inayowekwa kifuani ili kuyakuza, vina historia hiyohiyo. Kampuni ya Ufaransa iitwayo PIP ilijaza silikoni ya viwandani, isiyo ya kuwekwa mwilini, kwenye vipandikizi vyake hadi ilipokamatwa mwaka 2010, na mwenye kampuni akahukumiwa kifungo. Wanawake kwa maelfu walibaki na mzigo huo vifuani, na kejeli juu yake.

Sasa upande wa pili, pale ninapoukubali bila kusitasita. Kuna ugonjwa wa akili ambao humfanya mtu ang'ang'anie kasoro ambayo wengine hawaioni, au wanaiona ndogo mno. Daktari Mwitaliano Enrico Morselli aliuelezea tangu mwaka 1891. Huwapata watu wapatao 2 katika kila 100, na miongoni mwa wanaotafuta upasuaji wa urembo kiwango huwa juu zaidi. Hawa kisu hakiwafai. Pua ikinyooshwa, macho yanahamia kwenye kidevu. Daktari anayewapasua bila kuwapima akili amekula fedha ya mgonjwa. Lakini hata "jikubali" haiwafai, maana ni sawa na kumwambia mwenye malaria apoe. Wanahitaji tiba: mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili mtazamo, na pengine dawa.

Hoja nyingine ya wapinzani ndiyo inayonikaa zaidi: kwamba hamu yenyewe hupandikizwa kabla ya silikoni. Mwanamke wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya silikoni, Timmie Jean Lindsey wa Texas, mwaka 1962, hakwenda hospitali kutafuta matiti makubwa. Alikwenda kufutwa chale ya rangi kifuani. Madaktari ndio waliomuuliza kama angejitolea kuwekewa kitu kipya. Kilichokuwa kikimkera yeye ni masikio yake yaliyochomoza, wakakubaliana wamrekebishie na hayo.

Mapatano hayo yananifanya nisiwe na haraka ya kushangilia uhuru wa kuchagua. Uhuru upo, ila umezungukwa na watu wenye bidhaa mkononi. Hata hivyo siwezi kuchukua hatua inayofuata, ya kusema basi aliyechagua hakuchagua. Mwanamke aliyeonyeshwa hatari zote, akaambiwa kwamba vipandikizi havidumu maisha na huenda akarudi mezani siku moja, akakaa nalo mwaka mzima na bado akataka, huyo ameamua. Namheshimu kuliko ninavyomheshimu anayemcheka.

Kujikubali ninakokufahamu mimi kunahusu zaidi kusahau kuliko kujipenda: siku nzima ikapita, umefanya kazi, umecheka, umekula, na hukukumbuka pua yako hata mara moja. Wapo wanaofika huko bila kuguswa na daktari, na wapo waliofika baada ya kurekebisha kitu kimoja kilichowasumbua miaka ishirini. Kuna na waliopasuliwa mara nne ambao hawajafika bado.

Lindsey aliishi na vipandikizi vyake miaka mingi. Alipohojiwa uzeeni alisema alidhani matiti yatabaki juu siku zote, kumbe yakashuka kama ya watu wengine.