Kabla ya kumwita mpaka rangi, pima ukuta

Ukikuta nyumba ya kupanga Nyalenda, hapa Kisumu, imepakwa rangi mpya mwezi wa sita, uliza maji ya mafuriko yalifika wapi mwezi wa tano. Mwenye nyumba atakwambia ni ukarabati wa kawaida. Inama pale ukuta unapokutana na sakafu, unuse.

Sisi wa huku ni hodari wa kutoa maji na wavivu wa kukausha. Mito Nyando na Nzoia imetufunza kuamka usiku na kupandisha magodoro juu ya meza. Mwaka wa 2020, kisha tena 2024, Ziwa Victoria lenyewe lilivunja rekodi ya kina chake. Pampu tunazo, na za kukodi hazikosekani. Lakini maji ya sakafuni yakishatoka, yale mengine bado yamo ndani ya matofali, nyuma ya plasta, kwenye miimo ya milango na chini ya vigae. Kuvu haihitaji muda mrefu: siku moja au mbili za unyevu zinaitosha kuanza kuota. Halafu anakuja fundi na ndoo ya rangi, anaifungia humo humo. Miezi michache baadaye rangi inatoka kwa magamba, ukuta unatema chumvi nyeupe, na mtoto wa mpangaji anakohoa.

Kampuni zinazofanya kazi hii kitaalamu hutumia feni kubwa za kukaa sakafuni pamoja na mashine za kuvuta unyevu, na viwili hivi haviachani. Feni peke yake huondoa unyevu ukutani na kuutia hewani. Usipoukamata hapo utahamia kwenye dari, nguo na kabati. Mashine huipitisha hewa hiyo kwenye mabomba baridi, unyevu unageuka matone, yanadondoka kwenye tangi. Ikiwa inafanya kazi, funga madirisha. Ukiyaacha wazi Kisumu wakati wa masika, unajaribu kukausha Ziwa Victoria kwa stima ya tokeni zako.

Kama unafikiria kununua, jua kwamba mashine ya mabomba baridi hupenda joto, kwa hiyo Kisumu itakufaa. Kwa usiku wa baridi wa Nakuru nguvu zake hupungua na mabomba yanaweza kugandisha barafu. Huko ile inayotumia kemikali ya kunyonya maji hufanya vizuri zaidi. Na tahadhari na mtumba kutoka Marekani. Stima yao ni volti 120 na hezi 60, yetu ni 240 na hezi 50. Transfoma itarekebisha volti, hezi haizigusi, na mota ikizunguka polepole kuliko ilivyoundwa inaweza kupata moto na kuungua.

Hata hivyo, ningepewa pesa za kununua kifaa kimoja tu, nisingenunua mashine hata moja kati ya hizo. Ningenunua kipima unyevu, kile kidogo cha kushika mkononi chenye sindano mbili. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mashine ya kukausha, na ndicho kinachokosekana kwenye mikoba ya mafundi wetu. Fundi hupapasa ukuta kwa kiganja na kusema umekauka. Plasta hukauka nje kwanza; ndani bado ni chepechepe. Sindano hupitisha umeme kidogo sana na kupima jinsi unavyozuiwa: penye maji hupita kwa urahisi.

Shida ni kwamba vipimo vingi vya aina hii vimetengenezewa mbao. Kwenye mlango au boriti, asilimia inayosomeka ni ya kweli, na ikizidi 20 kuvu imepata makao. Kwenye ukuta wa mawe nambari hiyo si asilimia ya chochote, kwa hiyo linganisha: pima juu ambako maji hayakufika, pima chini, andika kwa chaki ukutani, rudia kesho. Nambari za chini zikikaribia za juu, mwite mpaka rangi. Ukuta wenye chumvi husomeka mbichi kuliko ulivyo. Kwangua chumvi hiyo kwanza.

Kuna vitu ambavyo hakuna mashine itakayoviokoa. Maji ya mafuriko yaliyopitia vyoo vya shimo ni maji machafu, na godoro, zulia au kabati la mbao za kubandikwa lililoyanywa ni la kutupwa. Najua ni rahisi kusema na ni vigumu kutenda wakati godoro ndilo la pekee. Na kabla ya kuchomeka chochote, soketi zilizozama zikaguliwe na fundi wa stima.

Kisumu una watu wa kukukodishia hema, viti, spika na jenereta kwa ajili ya matanga. Sielewi kwa nini hao hao hawaongezi mashine mbili za kuvuta unyevu na feni nne, na kijana mmoja wa kuzunguka na kipimo. Wateja wapo kila masika, kuanzia Ahero hadi Budalang'i, na wengi wao tayari wanalipia rangi mara mbili kwa mwaka.